Pengo la Mlingotini

Mwalimu wetu wa bioloji alikuwa akiingia darasani kinyumenyume. Kila siku kulikuwa na mtu barazani ambaye hawajamalizana: mwalimu mwenzake, mzazi, fundi wa paa, mama muuza vitumbula wa getini. Naye hakuwa mtu wa kuacha maneno katikati. Basi mgongo ndio uliotangulia, koti la kijivu lenye chaki mabegani, mkono mmoja bado unamweleza mtu wa nje jambo fulani, na sisi tumekwisha kusimama. Akigeuka, somo lilikuwa limekwisha kuanza. Alisema tu, "Donc," ile "basi" ya Kifaransa, kana kwamba tulikesha pamoja na sentensi yake ya jana ilikuwa bado haijafika mwisho.

Nimezunguka sana tangu siku hizo. Nimeuza vitenge Mutshatsha, nimeuza unga Lubudi, nimepanga vyumba Likasi ambavyo sikumaliza hata kuvipaka rangi. Na popote nilipo, nikisikia mtu nyuma yangu akisema "donc," nasimama kwanza, halafu ndipo nakumbuka kwamba mimi ni mwanamke mzima na kwamba yule si yeye.

Shule yetu ilikuwa mjini Kolwezi, upande wa Musonoi, karibu sana na mashimo ya mgodi. Walipolipua miamba, vioo vililia na chaki ikaruka kwenye ubao. Yeye alingoja vumbi litue, akatoa kitambaa mfukoni, akafuta meza, akafuta kitabu, akafuta miwani, kwa utaratibu huo huo, akaendelea. Alilichukia vumbi. Mtu wa namna hiyo hakupaswa kuishi Kolwezi hata juma moja, lakini aliishi, na kila asubuhi alianza vita upya kama mtu mwenye hakika ya kushinda. Viatu vyake ndivyo pekee vilivyong'aa katika barabara yote ya shule.

Lakini mtu huyo huyo, mwishoni mwa kila mwaka, alipiga magoti katikati ya uwanja, suruali ikawa nyekundu hadi mapajani, akapanga mawe. Nitafika huko.

Kitu kingine kilichomkera kuliko vumbi ni kosa. Alikuwa mrekebishaji. Kanisani alimwendea msomaji wa matangazo baada ya misa na kumwambia jina fulani halitamkwi vile. Kinyozi wa karibu na soko alifuta kibao chake mara mbili kwa ajili yake. Dereva mmoja wa taksi-moto, pikipiki ya abiria, aliandika nyuma ya kiti chake maneno ya Kifaransa yenye makosa, na mwalimu akakataa kupanda hadi yule kijana alipoazima kalamu.

"Prof, ni muji gani utafika na miguu sababu ya herufi?" yule dereva aliuliza.

"Muji wenye utaandika muzuri," akajibu.

Makosa yake mwenyewe hayakuwepo. Siku moja aliandika ubaoni tarehe ya jana. Mvulana wa mbele akainua mkono kwa adabu yote. Mwalimu akaitazama tarehe, akamtazama mvulana, akatazama dirishani kana kwamba siku yenyewe imesimama pale nje.

"Tarehe ndiyo imekosea," akasema, na somo likaendelea.

Tulimpenda kwa hilo pia. Mtu anayejiamini hivyo hukufanya uamini hata habari ngumu, na habari zake zilikuwa ngumu kweli. Sisi wa darasa la sita la sekondari, batoto ba wafanyakazi wa mgodi, ba wauzaji, ba makarani, tuliambiwa kwamba ndani ya kila seli ya mwili kuna uzi, uitwao ADN, ambao wengine huuita DNA, na kwamba uzi huo ndio unaoshika namna yetu yote, pua ya bibi na hasira ya baba. Seli haigawanyiki kabla ya kuunakili uzi huo. Kidonda kikipona, ni nakala. Ukucha ukiota, ni nakala. "Sasa hivi, munaponisikiliza mukisinzia," alisema, "ndani yenu kunafanyika kazi. Hakuna aliyelala. Enzimu hazilali." Alilisema neno enzimu, wafanyakazi hao wa seli, kama wengine wanavyotaja timu ya mpira.

Siku ya kwanza ya somo hilo alileta kamba. Alikuwa ameisokota mwenyewe kwa nyuzi za magunia, mbili pamoja, moja nyeupe na moja ya buluu. Alimpa rafiki yangu ncha moja, akamwambia ashike kwa nguvu, asiiache izunguke. Mimi nikapewa nyuzi mbili za ncha nyingine, nizivute, moja kulia na moja kushoto. Nikavuta. Kamba ikafunguka vizuri, buluu huku, nyeupe kule, darasa likafurahi. Halafu ikakataa. Kadiri nilivyoifungua upande wangu, ndivyo upande wa rafiki yangu ulivyozidi kujikaza, ukajiviringisha, ukafanya vifundo vigumu kama njegere.

"Vuta," akasema mwalimu.

"Prof, imekataa."

"Na ndani ya mwili ikikataa hivyo? Utakufa?"

Hatukutaka kufa. Ndipo rafiki yangu, ambaye mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kamba, akainama akaing'ata. Akakata uzi mmoja kwa meno. Pale pale kamba ikazunguka yenyewe, vrrr, vifundo vikaisha, na yeye akaukamata uzi uliokatika akaufunga tena, huku ametoa macho kama mtu aliyevunja kitu cha watu.

Mwalimu aliinamia kile kifundo kipya, akakigusa kwa kidole. Kisha akavua miwani.

"Topoisomerasi," akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayemtambulisha mgeni mkubwa. "Inakata, inaacha kamba ipumue, inafunga tena. Iko na meno. Mumeiona sasa."

Hadi leo rafiki huyo, ambaye ni muuguzi, tunamwita Meno. Mimi nilipewa jina baadaye, na langu halikutoka kwenye sifa.

Lilitoka kwenye siku ya mawe. Kila mwaka, kabla ya mitihani ya mwisho, mwalimu alitoa makopo yake ya maziwa yaliyojaa mawe ya kijani, yale ya shaba ambayo kwetu mtu huyaokota njiani bila kuinama sana. Alikuwa ameyachagua mwenyewe na aliyapenda kuliko chaki. Aliyapanga uwanjani kwa mistari, kutoka getini hadi kwenye mlingoti wa bendera. Kila jiwe, mtu mmoja. Sisi ndio tulikuwa uzi. Alitaka aone kitu kimoja katika maisha yake, na alitutangazia wazi: nakala kamili, kutoka getini hadi mlingotini, bila jiwe hata moja kubaki bila mtu. Ikitokea hivyo, darasa zima lingepata ishirini juu ya ishirini. Haikuwahi kutokea. Kila mwaka darasa lilipata kumi na tisa, kwa sababu kila mwaka jiwe moja lilibaki tupu, na kila mwaka yeye aliuliza swali lile lile: "Nani ametoroka?"

Kanuni zake ni hizi. Kila mmoja alivaa shingoni kipande cha katoni chenye herufi. A hushikana na T kwa vidole viwili. G na C kwa vidole vitatu, kwa hiyo hao ni wagumu zaidi kuachana. Mistari miwili ilisimama ubavu kwa ubavu, mmoja unatazama mlingoti, mwingine unatazama geti. Mkono wa kulia kwenye bega la aliye mbele yako, mkono wa kushoto kwa mwenzako. Ukisimama hivyo unaelewa mara moja kwa nini nyuzi mbili za ADN zinakwenda pande tofauti; mwili wenyewe unakwambia.

Kisha anakuja Helikasi, enzimu ya kufungua uzi. Mwaka wetu alikuwa nahodha wa voliboli, msichana mwenye mabega. Aliingia getini akapita katikati yetu akivunja vidole vilivyoshikana, jozi baada ya jozi, na mistari ikaachana nyuma yake kama nyasi. Nyuma ya Helikasi walikuja walinzi, zile protini ambazo kazi yao ni kuhakikisha walioachanishwa hawarudiani. Hapo palikuwa na matatizo, maana kulikuwa na A mmoja na T mmoja ambao hata nje ya bioloji walishikana vidole.

"Weye, achia," mlinzi alimwambia A.

"Njo maumbile yangu," A akajibu. "Mi na T tunapendana kichimia."

"Mupendane kisha ya somo," mwalimu akasema kutoka mbali, bila kugeuka.

Kisha ujenzi. Kila mstari wa zamani ulipaswa kupata mwenzake mpya, na wanafunzi wa madarasa ya chini walitapakaa uwanjani na katoni zao, wakingoja kuitwa. Polimerasi, enzimu ya kujenga, ndiye aliyewaita. Alifungwa kiunoni na mpira wa ndani wa baiskeli uliozungushwa pia kwa mtu wa mstari, ili asianguke njiani. Kuna protini yenye umbo la pete inayofanya hivyo hivyo. Akiona A, anaita T. Akiona G, anaita C. Akileta asiyefaa, anamtambua kwa kumgusa, anamtoa, anarudi nyuma hatua moja. Mwalimu mwenyewe alikuwa akimchomekea wasiofaa kwa makusudi, na Polimerasi alipowanasa, uso wa mwalimu uling'aa kuliko viatu vyake.

Lakini Polimerasi ana udhaifu wa namna mbili. Hawezi kuanza mahali patupu. Lazima amkute mtu amesimama tayari. Na anaongeza watu kwa upande mmoja tu: nyuma. "Kama kwenye bomba la maji," mwalimu alisema. "Mugeni anapanga nyuma, anaweka mukono kwenye bega ya mwenye kumutangulia. Hakuna mwenye kuingia mbele. Kwenye bomba banakupiga, kwenye ADN haiwezekani kabisa."

Kwa hiyo mstari mmoja mpya ulijengwa mfululizo, ukimfuata Helikasi. Wa pili, kwa kuwa unaelekea kinyume, ulijengwa vipande vipande: Helikasi anafungua sehemu, mwanzilishi anasimama, Polimerasi anapanga watu nyuma yake hadi anagongana na kipande cha zamani, kisha anakimbia mbele kuanza kingine. Waanzilishi hao, nami nikiwa mmoja wao, tulifungwa kitambaa chekundu mkononi, maana hatukuwa wa kudumu. Primasi, enzimu ya kusimamisha waanzilishi, alituweka, kazi ikaanza, halafu tulitolewa, na nafasi zetu zikajazwa na watu wa kudumu waliopanga nyuma ya kipande cha mbele. Mwisho Ligasi alipita akiunganisha, mkono huu kwenye bega lile. Ligasi wetu alikuwa mvulana mgomvi kuliko wote, na siku ile alizunguka uwanjani akiunganisha watu kwa upole wa kushangaza.

Kazi ya kututoa waanzilishi mwalimu hakumwachia mtu. Alikuja mwenyewe, akakushika kiwiko, akakuondoa kwenye mstari kama mtu anayemwongoza bibi harusi, akasema, "Asanti, kazi yako imeisha."

Na getini? Aliyeanzia pale naye alitolewa. Mwalimu alituambia geti ni katikati ya uzi. Nusu nyingine iko nje barabarani, tuiwaze tu, na mtu wa kujaza nafasi hiyo anatoka huko. Basi kila mwaka mama muuza vitumbula aliacha karai lake na kuingia.

"Leo mi ni nani, Prof?"

"T, mama."

"Mwaka ule mulinifanya G. Nilipenda G."

Mwaka wetu nilikuwa mwanzilishi wa mwisho kabisa, mlingotini. Mgongo wangu ulikuwa karibu uguse chuma. Hapana, nakosea: uso wangu ndio uliotazama chuma, na nyuma yangu Polimerasi akaanza kupanga watu, mkono begani kwangu, mwingine nyuma yake, mwingine, na nikasikia uwanja mzima ukipumua kwa pamoja kwa sababu tulijua tunafika. Wadogo walipiga makofi. Helikasi alikuwa ameketi chini, amechoka, anacheka. Vipande vikaungana. Mwalimu akaja, akanishika kiwiko, akanitoa. "Asanti, kazi yako imeisha." Akaenda kuwatoa wengine. Mimi nikasogea hadi ukutani, kwenye kivuli, kutazama.

Alipomaliza alitembea kutoka getini akikagua jiwe kwa jiwe. Alitembea haraka, halafu haraka zaidi, karibu kukimbia, miwani mkononi. Sijawahi kumwona mtu mzima mwenye furaha isiyojificha namna ile. Akafika mlingotini. Jiwe la mwisho lilikuwa tupu.

"Nani ametoroka?"

Kila mtu alinitazama mimi, ukutani, na kitambaa changu chekundu. Na haikuwa bila sababu. Mimi nilijulikana. Treni ikipiga honi upande wa stesheni, kiti changu kilikuwa kinabaki peke yake. Nilipenda kuona watu wanaoondoka. Hivyo hakuna aliyejiuliza. Nilisema, "Prof, mi nilitolewa," na yeye akasema, "Waanzilishi wote walitolewa, na nafasi zao zimejaa. Yako tu njo haiko na mutu. Ulipaswa kuhakikisha mwenye kukufuata anaingia." Kumi na tisa. Darasa liliguna, na mtu mmoja nyuma akasema, "Pengo." Jina likanishika siku ile ile.

Nyumbani habari ilifika kabla yangu. Mama aliuliza tu, "Treni ilikuwa inaenda wapi?" Nilipinga kwa juma zima, kisha nikaacha. Nafikiri mtu akiitwa mtoro muda mrefu hupata ruhusa fulani. Nilimaliza shule na kupanda gari la kwanza.

Sikumchukia. Huko nilikopita nilimsimulia yeye kuliko nilivyosimulia familia yangu. Nimewahi kuwapanga wauzaji wenzangu wa Mutshatsha kwenye reli, treni ikichelewa, nikawafanya ADN, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akawa Polimerasi hodari kuliko wote niliowaona. Lakini sikuwahi kuifikisha hadithi mlingotini. Niliishia katikati ya uzi.

Mwaka huu, kiangazi, nilikuwa Lubudi Meno aliponipigia simu.

"Pengo, uko wapi?"

"Lubudi. Kwa nini?"

"Prof anakuita."

"Mi?"

"Weye kabisa. Shule inahamishwa, mgodi unachukua uwanja. Prof anataka kupanga mawe mara ya mwisho, na class yetu. Anasema bila Pengo hatuanze."

Nilimwambia nina mzigo wa unga. Nilimwambia njia ni mbaya. Nilimwambia mtu hawezi kuitwa baada ya miaka yote hii aje aulizwe tena ametorokea wapi. Meno alisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Vaa biatu bizuri, kuko vumbi," akakata.

Nilipofika uwanjani nilikuta matumbo na vipara. Nahodha wa voliboli alikuwa na fimbo ya mgonjwa wa goti. Ligasi alikuwa mhandisi. Yule A hakuja, lakini T wake alikuja, na aliolewa na mtu mwingine kabisa. Wanafunzi wa sasa walikuwa wamekwisha kuvaa katoni. Mama wa vitumbula alikuwepo, amezeeka, ameketi kwenye kiti ndani ya geti safari hii, na nilipomsalimu alisema, "Niliomba G."

Taksi-moto ikasimama nje. Mzee akashuka, na akaingia getini kinyumenyume, mkono bado unamweleza dereva jambo. Koti lilikuwa limekuwa kubwa kwake. Viatu viling'aa. Akageuka.

"Donc," akasema.

Sijui kama nimewahi kufurahi vile tangu niwe mtu mzima. Tulicheka kabla hata ya kuanza. Helikasi alifungua uzi akichechemea, na vidole vya watoto wa watu vikaachana mbele yake. Walinzi walisimama na simu mikononi wakipiga picha hadi mwalimu alipowafokea. Mpira wa baiskeli haukuzunguka kiuno cha Polimerasi wetu, wakaunganisha miwili. Alimwita C kwenye A, akashtuka, akamtoa, na mzee akapiga fimbo yake chini kwa raha. Sauti yake ilikuwa nyembamba sasa, lakini ilifika kote, kwa sababu hakuna aliyezungumza isipokuwa waliotakiwa.

Na mimi nilisimama mlingotini, kitambaa chekundu mkononi, uso kwenye chuma. Niliusikia mstari ukikua nyuma yangu. Niliamua kwamba safari hii, nikitolewa, sitasogea. Nitasimama pale pale kando ya jiwe, kila mtu anione.

Mzee akaja. Akanishika kiwiko. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa ndege. Akanitoa hatua moja. Safari hii hakunishukuru wala hakuondoka kwenda kwa wengine. Alikuwa amewatoa wote kwanza na kuniacha mimi wa mwisho. Tukasimama wawili, tukilitazama jiwe la kijani. Hakuna aliyeingia.

"Nani ametoroka?" akauliza kwa sauti.

Meno alitazama viatu vyake.

"Jibuni. Siku zote munajibu."

"Pengo," mtu mmoja akasema, kwa aibu, na wachache wakacheka.

"Hapana," akasema mzee. Akaingiza mkono mfukoni akatoa vizibo vya chupa, kiganja kizima. "Tangu nipumzike kazi, minapanga hivi bizibo kwenye meza ya chakula. Muke wangu amechoka. Ninafuata kanuni zangu zote. Ninatoa waanzilishi, ninajaza nafasi, na ya mwisho inabaki. Nikasema nimekosea kuhesabu. Nikapanga tena, inabaki. Nikapanga na maharagwe, inabaki." Akatutazama wote. "Kizibo haiko na miguu. Kizibo haitoroki."

Akamgeukia mwanafunzi wa sasa aliyekuwa karibu, msichana mwenye katoni ya T.

"Mugeni anapanga wapi?"

"Nyuma, Prof."

"Mukono unaweka wapi?"

"Kwenye bega ya mwenye kuwa mbele."

"Bon. Kuja uingie hapa, kwenye hii jiwe. Mbele yako kuko nani?"

Yule msichana akasimama, mkono wa kulia umeinuka, ukatafuta, ukabaki hewani. Akautazama mlingoti.

"Hakuna mutu, Prof. Kuko mlingoti."

"Na mlingoti haiko na bega," akasema mzee.

Nilisikia kitu kikipita uwanjani, si kelele, ni ile pumzi ya watu wanaoelewa kwa pamoja. Mhandisi aliyekuwa Ligasi alishika kichwa. Mzee alikuwa akizungumza haraka sasa, fimbo imeanguka, mikono yote miwili hewani. Ncha ya uzi hubaki fupi kila unaponakiliwa. Alikuwa amempigia simu mwanafunzi wake wa zamani anayefundisha Lubumbashi, akamweleza habari ya vizibo, na yule akamwambia, Prof, hilo linajulikana zamani, na kuna enzimu maalumu ya kurefusha ncha katika seli zinazoihitaji. "Telomerasi," alisema, na alilisema kama siku ile ya kamba. "Munasikia? Kuko ingine. Miaka yote ninafundisha, na kulikuwa ingine."

Halafu akatulia. Akanishika tena kiwiko, mbele ya watu.

"Huyu mama hakutoroka. Mi njo nilimutoa. Na mukono huu." Akauinua ili wauone hadi getini. "Class yake ilifanya kazi bila kosa. Class zote. Ishirini."

"Prof," mhandisi akasema, "sasa hiyo pointi itanisaidia wapi? Niko na wajukuu."

"Itakusaidia kunyamaza."

Walicheka hadi vumbi likainuka. Meno alikuja akanishika mkono kwa vidole vitatu, kama G na C, na tukasimama hivyo.

Baadaye mzee alipiga magoti, akakataa kusaidiwa, akaanza kuokota mawe yake. Alilifuta kila moja kwa kitambaa kabla ya kulitia kwenye kopo. Alikuwa mkali juu ya mawe hayo. Enzi zetu hakuna aliyethubutu kuondoka na hata moja. Aliokota mstari mzima hadi mlingotini, akafika kwenye la mwisho, akalitazama, akainuka.

"Prof," nikasema, "umesahau moja."

"Sijasahau."

Niliinama nikalichukua. Lilikuwa na joto la jua. Dereva wake alikuwa anapiga honi nje, na gari langu la Lubudi lilikuwa linaondoka jioni, lakini sikuharakisha. Nilisimama pale, jiwe mkononi, nikamtazama akienda. Mama wa vitumbula alikuwa amemuuliza kitu kuhusu ile enzimu mpya, ikiwa nayo ina herufi na ikiwa yeye anaweza kuwa hiyo, na mzee hakuwa amemaliza kumjibu. Basi alitoka getini kinyumenyume, makopo kwapani, uso wake kwetu, bado anaeleza.